Mkalimani Aliyesema "Nimekosea"

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mkalimani wa mahakama, yule mliyemwita Mama Kamusi. Alitutoka Jumanne. Miaka thelathini na mmoja kazini. Narudia: thelathini na mmoja.

Binti yake, muuguzi, anacheka huku akifuta machozi. "Ukimwomba Mama chumvi, kwanza anakuuliza neno chumvi limetoka wapi. Chakula kinapoa!"

Lakini siku moja, wasikilizaji wapendwa, neno lilimponyoka.

Mshtakiwa alikuwa dereva wa lori. Alimgonga mshona viatu, akafa palepale. Mama wa marehemu akaitwa. Jaji akauliza, kwa Kiingereza, kama anamwombea dereva "mercy". Mama Kamusi akatafsiri: huruma.

Yule mama akashika ukingo wa kizimba. "Simsamehe. Ila namwonea uchungu."

Mama Kamusi akatafsiri upesi. Kwa Kiingereza likatoka "bitter": kwamba hasamehe, na ana kinyongo. Jaji akachukua kalamu. Kule nyuma, mke wa dereva akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama Kamusi alikuwa ameshaketi alipogundua kosa lake: uchungu ule ulikuwa wa kuumia, si wa chuki. Jaji yule hakuwa mtu wa mchezo. Kukiri kosa mbele yake ni kujitafutia kufukuzwa. Akasimama.

"Mheshimiwa, nimekosea."

Jaji akainua macho.

"Umekosea nini?"

"Neno. Hana kinyongo. Uchungu aliosema ni 'compassion'. Asili yake Kilatini: kuteseka pamoja. 'Mercy' uliyoiuliza ilianzia kwenye ujira, ikaja kuwa fadhili ya aliye juu kwa aliye chini. Mama huyu hatoi fadhili, Mheshimiwa. Anaumia naye."

Jaji akasema, "Muulize tena."

Akamuuliza. Yule mama akajibu taratibu: "Nimemkuta dereva huyu hapo nje akilia. Simsamehe. Lakini kile kilio nakijua."

Safari hii Mama Kamusi alitafsiri neno kwa neno. Jaji akaweka kalamu chini.

Dereva alifungwa miaka mitatu. Mwendesha mashtaka alitaka kumi na miwili. Mama Kamusi naye akapewa barua ya onyo.

Mumewe, fundi seremala, ananiambia: "Aliiweka mezani. Nikamwambia, mke wangu, si ungenyamaza tu? Akasema, 'Ningenyamaza, ningekuwa nimemfunga mimi.'"

Pole sana, mzee wetu. Pole, dada muuguzi. Nasi wengine, kabla ya kuzima redio, tujiulize: ni maneno ya nani tuliyafikisha vibaya, tukaona aibu kurudi kuyanyoosha? Huenda mwenyewe bado anaumia.