Daktari wa Benchi Moja

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliojaa hadi barabarani, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea, shule yangu iliishia darasa la saba na mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo maneno ya kisomi msiyatarajie sana. Karatasi hii ina kurasa mbili, na ule wa pili una kifungu alichokiandika marehemu kwa mkono wake, jana mchana kutwa ukoo ulikigombania, wengine wanataka kisomwe, wengine kifutwe, nami nawaambia mapema ili asiwepo wa kushtuka, nitakisoma.

Dada yetu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, katika hospitali ambayo mama yetu alikuwa mfuaji wa mashuka, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mshona viatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1977, na chuo cha udaktari hadi 1983, miaka yote hiyo akivaa viatu vilivyoshonwa na baba, vizito kama nanga, wenzake wakimcheka na yeye akicheka pamoja nao.

Mwaka 1986 alihamishiwa kituo cha afya kilicho nyuma ya soko la mbao, na hapo ndipo alipobaki hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Mwaka 1991 alikuja dereva wa gari la maji akilalamika tumbo, akaandikiwa vidonge, akarudi mara ya pili, akaandikiwa vingine, akarudi mara ya tatu, vilevile, mara ya nne akaja mke wake peke yake, kuuliza cheti cha kifo kinachukuliwa dirisha gani, maana mumewe alikuwa amejiua. Dada aliniambia kwamba mara zote tatu alilipapasa tumbo la yule bwana vizuri sana, ila uso wake hakuutazama. Mwaka uliofuata alirudi chuoni miaka mitatu kusomea udaktari wa familia, huku wenzake wakikimbilia upasuaji na moyo, wakamwambia anarudi nyuma, naye akawajibu kwamba ndiyo, anarudi kule watu waliko.

Aliporudi alipewa chumba cha wagonjwa wa akili, na hapa lazima niseme kosa langu, kwa sababu kibao cha mlangoni nilikitengeneza mimi, bati la milimita tatu, herufi kubwa kuliko za ofisi ya mkuu wa kituo, AFYA YA AKILI, rangi nyekundu, kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, nikajisifu kweli kweli. Miezi mitatu hakuingia mtu. Dada alikaa mle ndani, kiti cha mgonjwa kitupu, mwisho akanipigia simu akasema, "Mdogo wangu, njoo na bisibisi yako, umenifukuzia wateja," nikakasirika, nikakiondoa, kikaenda kufunika tangi la maji la kituo. Tangu siku hiyo wa akili, wa presha, wa kisukari na wa kikohozi walikaa benchi moja, kadi za rangi moja, jirani yako asijue umefuata nini, na kila aliyeingia, hata aliyekuja na kidole kilichovimba, akishamaliziwa kidole aliulizwa, "Haya, na wewe mwenyewe je?"

Hakusubiri watu waugue. Alikwenda soko la mbao na mashine ya presha kwenye kikapu, akawapima wapasua mbao wakiwa wamekaa juu ya magogo, akawagombeza wavae barakoa, wakambatiza jina la Trafiki, kwa vile hakuna aliyepita bila kusimamishwa. Mimi nyumbani kwake sikupewa sahani kabla ya kupimwa, siku moja mashine ikasoma mia na themanini, akaichukua nyama yangu akampa shemeji, akasema hasira zangu zitaniua kabla chuma hakijaniangukia, nikasusa, nikaondoka, kesho yake nikarudi kuchukua dawa, na leo nina miaka sitini na mitatu, nasimama hapa nawapigia kelele.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 na mwalimu wa hesabu, shemeji yangu huyu, mtu wa maneno machache, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mpimaji ardhi, wa pili muuguzi, na kitinda mimba dereva wa malori.

Mwezi Februari mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali kuu, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake muuguzi.

Sasa kifungu. Alinipa mwezi Juni, akasema amenichagua mimi kwa sababu sina adabu. Baba mdogo anasema kitamvunjia heshima, mpwa wangu mkubwa anaogopa watu watasema kumbe tulitibiwa na mgonjwa, na mimi najua wapo wagonjwa wanaochukua dawa zao za akili siku ya Alhamisi, ambao tangu afariki Jumanne wanajiuliza kama kuna haja ya kurudi kwenye lile benchi. Ameandika hivi:

"Naugua sonona tangu Agosti 2003. Nimemeza dawa kila siku kwa miaka ishirini na miwili, na miaka hiyohiyo nimefanya kazi, nimelea, nimecheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi nilipanga foleni pamoja nanyi, mkadhani nimekuja kuwakagua. Niliwaambia si aibu, mimi nikaficha. Hapo niliwadanganya. Msiache dawa, na asiseme mtu kwamba saratani ililetwa na huzuni, haikuletwa."

Asubuhi hii shemeji, ambaye jana hakufungua mdomo, aliniomba karatasi hii na kalamu, nikadhani anakwenda kukifuta, nikajiandaa kugombana naye mbele ya wageni, kumbe ameongeza mstari chini yake, nao nausoma: "Kila Alhamisi hiyo nilimsindikiza, nikamsubiri nje ya geti, kwa sababu niliona aibu kukaa naye kwenye benchi. Nisamehe, mke wangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, majirani mliopokezana kukaa naye, wapasua mbao mliofunga mashine leo, wafanyakazi wenzake wa kituo, na yule daktari aliyemtibu miaka ishirini na miwili bila kumwambia mtu, umesimama nyuma pale, asante. Alhamisi ijayo kituo kitafunguliwa kama kawaida, saa mbili, na shemeji ameniambia atakuwepo, atakaa ndani.

Pumzika, dada yetu, kwa amani, umewaambia.