Pikapu Iliyokuwa na Wenyewe

Mugonile, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme kabla ya chakula. Nilimsihi iwe baada, maana mtu aliyeshiba husamehe mengi, akakataa. Basi nivumilieni na njaa zenu.

Sitataja jina la mtu. Chama chetu hiki ni cha kuzikana, tunajuana hadi makaburi ya mababu, kwa hiyo wengine mtawatambua. Mkiwatambua, kaeni nalo moyoni.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilikuwa nakaa dirishani, lori likipita nauliza kwa nini linanguruma hivi likipanda na vile likishuka, na mwalimu anasema hilo halimo kwenye somo. Nikatoka kwenda kulitafuta lilimo. Nimepakia vyungu kwenye mitumbwi pale Lyulilo, nimekuwa utingo wa malori, nimechimba dhahabu Chunya bila kuiona, nimevuka mpaka nikakaa Karonga kwa fundi mmoja aliyenifundisha kushusha injini na kuirudisha. Kila mahali nilikaa hadi nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikachukua shati langu nikaondoka.

Nilirudi Kyela miaka ile ya ruksa, wakati mashirika ya umma yalipoanza kuuza magari yao mabovu kwa mnada. Vijana hamjui. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida kuwa na gari ilikuwa kama kuwa na mto wake mwenyewe. Ghafla kila mwenye magunia ya mpunga alitaka pikapu. Nikafungua gereji pale Bondeni, gereji bubu, haina kibao wala paa. Mtaji aliutoa mzee mmoja wa duka, Muislamu, asili yake Pangani, aliyependa kuja kukaa kwenye tairi na kunitazama. Yeye hakujua spana wala bisibisi, ila alijua watu. Mimi nilikuwa kinyume chake. Tulinunua magari yaliyokufa, nikayafufua, tukayauza, tukagawana. Nikaoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapanda migomba ili nile ndizi mwenyewe.

Siku moja nikaenda mnadani Mbeya nikakuta pikapu ya dizeli imebondeka upande mmoja. Nikauliza, wakaniambia ilipinduka kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu. Nikalala chini yake nikaikagua chuma kwa chuma. Mzee wa duka alikuwa ameniagiza jambo moja: kabla hujanunua, uliza lilikuwa la nani. Niliuliza nikaambiwa la shirika fulani lililokwisha kufungwa, nikaridhika. Sikuuliza ilipopinduka ilikuwa na nani ndani. Mwaka wa ajali ile nilikuwa Karonga, habari zilinipita.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kutengeneza gari kama lile. Kiangazi kizima. Nilinyoosha bodi, nikapaka puti, nikapiga rangi ya bluu. Nyuma, upande wa kushoto, mtu fulani alikuwa amechomelea kikulabu cha chuma cha kuning'iniza ndoo ya maji ya rejeta, kazi safi sana. Nikakiacha, nikakipaka rangi pamoja na gari.

Nikalipeleka hapa Ipinda siku ya soko. Nililiegesha, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikasikia kilio. Mnajua kwetu kilio hakiulizwi. Unalia kwanza, jina la marehemu utaambiwa baadaye. Akina mama walikuwa wameshakaa chini, wanaume wamejipanga pembeni. Nikavua kofia, nikakaa na wanaume, nikainamisha kichwa. Baada ya muda nikamnong'oneza jirani yangu, ni nani aliyetutoka? Alinionyesha kwa kidevu. Nikatazama kilipoelekea kile kidevu, nikaona pikapu yangu ya bluu, na mama mmoja amekaa vumbini nyuma yake, ameshika kile kikulabu kama mtu anayeshika mkono.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulielewa siku ile. Wanawake waliokuja kulia naye walimtazama usoni, na mmoja mmoja wakaanza kuinuka, wakakung'uta kanga zao, wakaondoka. Akabaki peke yake.

Mimi nikasimama kutetea mali yangu. Nikatoa kadi ya gari, nikawaonyesha wazee, nikasema mwenyewe ndiye mimi, jina langu hili hapa. Mzee mmoja akaisoma kadi yote bila haraka, akanirudishia. Akasema, "Kijana, hatukatai. Lakini gari hili lina wenyewe."

Wenyewe walikuwa watu wa vijiji hivi, waliokuwa wakirudi kutoka harusini. Wengi hawakufika.

Hapo ndipo nilipoanza kuanguka. Pikapu haikupata mnunuzi, na hilo ningelivumilia. Lakini hata mwenye pikipiki mbovu hakuniletea tena. Watoto wakinikuta barabarani wanauliza, fundi, leo umewabeba wangapi? Mzee wa duka alivumilia hadi masika, kisha akaja, hakukaa kwenye tairi. Alisema kwa upole kwamba wateja wake wameanza kuuliza chumvi yake imekuja na gari gani. Sikumlaumu. Mke wangu alikuwa akienda bombani, wenzake wanamwachia bomba lote, kana kwamba ana ugonjwa. Alinisubiri niseme neno, sikuwa nalo. Akarudi kwao. Mvua za Kyela mnazijua. Chumba nilichopanga kilijaa maji, nikahamia ndani ya pikapu, nikalala mle na chupa yangu. Watu walisema nalala na wafu. Wengine walikuwa wananitania, wengine walikuwa hawatanii.

Akaja dalali mmoja, mcheshi, mnamjua. Akaniambia, "Peleka ng'ambo ya mto Songwe, fundi. Wafu wa Kyela hawana pasipoti." Nilicheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka. Tukakubaliana kesho yake alfajiri tuvuke, niuze, nisirudi. Kwangu kutorudi hakukuwa kazi kubwa. Nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Mchana huohuo yule mama wa sokoni akafika Bondeni kwa miguu. Nikajua amekuja kunilaani, nikasimama niipokee laana. Akanisalimu vizuri, akauliza kama mimi ndiye niliyelifungua gari lile.

Nikasema ndimi.

"Lote?"

"Hadi skrubu ya mwisho, mama."

"Basi niambie wewe. Mume wangu aliwaua wale watu?"

Ndipo nikaelewa zile kanga zilizokung'utwa. Mumewe, dereva wa shirika lile, ndiye aliyekuwa akiendesha, naye alikufa siku ileile. Kile kikulabu alikichomelea kwa mikono yake. Vijiji vilisema alikunywa harusini. Yeye mama alisema hakunywa, lakini mke wa mtu atasema nini kingine? Kwenye mazishi ya mumewe walikuja ndugu wa damu tu. Tangu hapo, akipika pombe ya sherehe hainyweki, akienda msibani anaachiwa nafasi pande zote. Na kwetu, ndugu zangu, mtu asiyeliliwa hana tofauti na aliyefukuzwa.

Sasa sikilizeni niwaambie siri ya gereji. Kuna neno moja fundi halisemi. Ukimletea gari, atakwambia ni pampu, atakwambia ni plagi, akishindwa kabisa atakwambia ni mambo ya umeme. Hatasema sijui. Akisema sijui, mteja anafunga kamba anavuta gari kwa fundi wa pili. Mimi pia sikuwahi kulisema. Na mama yule amesimama mbele yangu, miguu ina tope hadi magotini, anataka neno moja tu. Ningemwambia breki zilifeli, angeondoka anaimba. Nani angenibishia?

Lakini breki nilizifungua mimi. Zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekatika ni tairodi, kile chuma kinachopeleka usukani kwenye magurudumu ya mbele. Kikikatika mwendoni, hata dereva aliyeshinda kanisani anapinduka. Ila gari likipinduka lenyewe, chuma hicho hicho kinaweza kukatika kwa kishindo. Nilipokitoa kilikuwa kimeshika kutu pale kilipokatikia, kwa kukaa mvuani, na kutu hiyo ilificha kama kilikatika kabla ya kupinduka au kwa kishindo.

Nikamweleza yote hayo, polepole, nikimwonyesha kwa vidole vyangu. Kisha nikasema, "Kipi kilianza, sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui."

Nilifikiri atalia. Akasema, "Wewe umeona kila chuma, hujui. Wao hawakuona hata bolti moja. Wamejuaje?"

Akaniomba niende Ipinda nikaseme neno hilo mbele ya wafiwa. Nikamwambia kesho nasafiri. Akasema sawa, akageuka, akaanza safari ya kurudi. Hakunibembeleza. Nilimtazama anavyokwepa madimbwi. Nadhani angenisihi ningepata sababu ya kukataa.

Alfajiri dalali alipopiga honi nilimwambia aende.

Nikaenda Ipinda, na mchungaji wa pale akatuitia wafiwa nyumbani kwake. Walikuja wakidhani nimekuja kumsafisha dereva, nyuso zimefungwa. Nikasema nilichokiona na nisichokijua. Mtumishi mmoja wa serikali aliyeoa kwetu, aliyempoteza shemeji yake, akaniuliza mama huyu amenilipa nini. Nikamjibu, ningelipwa ningesema najua. Kisha bibi mmoja aliyempoteza binti akauliza, je, mwanangu aliumia sana? Ndugu zangu, hakuna injini iliyowahi kunishinda kama swali hilo. Nikamwambia, hilo nalo sijui, bibi, samahani. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akainuka kwa shida, akavuka chumba, akaenda kukaa karibu na yule mama. Hakumgusa wala hakusema naye. Alikaa tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kugeuka, na haikuwa na shangwe. Wafiwa walitaka gari lile lisibebe tena watu. Nikakubali. Injini ikaenda kukoboa mpunga, bodi nikaikata vipande vya majiko. Gereji ilichukua miaka kupata wateja, tena walianza na baiskeli. Mke wangu hakurudi. Alikuwa ameshaolewa, na simlaumu. Na wapo ambao hadi leo hawajamsamehe dereva yule. Baadhi yenu mmo humu. Sijaja kuwabadilisha.

Nashukuru kwa yule mzee wa duka, Mungu amrehemu. Alikuja tena kukaa kwenye tairi kabla mtu mwingine yeyote hajathubutu. Namshukuru mchungaji kwa nyumba yake. Namshukuru bibi aliyevuka chumba. Ndaga fijo.

Na yule mama tulimzika masika yaliyopita. Mlikuwepo. Mimi nilifika mapema, nikakaa nikihesabu moyoni ni nani atakuja. Mlianza kuingia kwa makundi, na mvua ile, hadi wengine mkasimama barabarani. Nililia kwa sauti bila aibu. Aliyekaa jirani yangu alidhani nalia kwa huzuni.

Somo langu ni dogo, la mtu wa darasa la tano. Mtu akija kwako na swali linalomla, na jibu huna, mwambie hujui. Kisha usiondoke.