Kozi Tatu Alizobomoa Fundi Mwenyewe

Habari zilianza kwa jirani wa nyumba ya pili, fundi cherehani, asubuhi ya Alhamisi tarehe 21 Julai 2016. Alikuwa amepeleka sare za wauguzi kliniki, akarudi mbio, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni. Hakungoja hata kufika kwake. Alisimama katikati ya njia akapaza sauti: “Jamani, mama watoto yuko wapi? Mwambieni kwamba mumewe, Fundi, amepagawa! Anabomoa ukuta aliojenga jana kwa mikono yake, na wanafunzi wa chuo wanampigia makofi!”

Hadi kufika jioni habari ilikuwa imenenepa. Wengine walisema amelewa, mtu ambaye hata soda aliinywa kwa kuiogopa. Wengine walisema chuo kimemfukuza. Na waliochelewa kuipata walisema ukuta umemwangukia na hayupo tena. Marehemu alicheka kila alipokumbuka kwamba alishakufa mara moja, akarudi nyumbani na kula chakula cha jioni. Leo, ambapo kweli hayupo, familia imeona vyema jambo lile lisimuliwe pamoja na maisha yake yote, maana jirani hakusema uongo, ila alisema nusu.

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Mwenyewe, alizaliwa tarehe 3 Juni 1957, mtoto wa pili kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala hilo na mama yake alifua nguo za watu. Alisimulia kwamba kitu cha kwanza anachokikumbuka duniani ni vumbi la mbao likielea ndani ya mwanga wa dirisha, naye amelala chali, anajaribu kulishika. Mama yake alipotaka kumwinua aliusukuma ule mkono, akatamka neno ambalo lilikuja kuwa jina lake: “Mwenyewe.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaishia darasa la saba. Alikuwa mzuri wa hesabu na mchoyo wa majibu. Daftari lake alilizungushia mkono kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

Mwaka 1972 mjomba wake, aliyekuwa mwashi, alimchukua na kumfundisha kazi. Mwaka 1979 akaanza kujitegemea. Waashi wenzake walifika kazini na vibarua wawili watatu. Yeye alifika na mfuko wake wa turubai wenye mwiko, timazi, pima maji na kamba. Kamba ya kunyooshea kozi, yaani safu za matofali, hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Yeye upande wa pili alipigilia msumari. Alipoulizwa kwa nini hatafuti msaidizi, alijibu, “Msumari haubishi.” Kuta zake zilinyooka, hilo hakuna asiyelikubali.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na binti aliyekuwa akiuza kwenye duka la mikate, ambaye leo ndiye mjane wake. Siku ya kuhamia alibeba kabati peke yake mgongoni, likakwama mlangoni, na hakutaka mtu alishike. Bibi harusi aliingia nyumbani kwake kwa kupitia dirishani. “Niliolewa na nyumba iliyozibwa kizibo,” mama alizoea kusema, na marehemu alijifanya hajasikia. Walijaliwa watoto wanne, wa kiume watatu na binti mmoja, kitinda mimba. Alikuwa baba mpole. Ila kwa miaka thelathini na miwili hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyewahi kumsikia akisema “nisaidie.” Mke wake alilihesabu hilo kimya kimya, na likamuuma.

Ndipo ukaja mwaka 2016. Mwalimu wa chuo cha usanifu majengo alimfuata nyumbani, akamwomba awasimamie wanafunzi kumi na mmoja. Walitakiwa kuchora chumba cha kusubiria cha akina mama kwenye kliniki iliyo mwisho wa mtaa, kisha wakijenge kwa mikono yao. Siku zote akina mama wale walisubiri nje, chini ya upenu, mvua ikija kwa upande wanaloa. Chumba kilitakiwa kukamilika kabla ya tarehe 12 Agosti, kwa sababu baada ya hapo wanafunzi wangetawanyika makwao, na upenu ungebaki kuwa upenu.

Marehemu alikubali shingo upande. Wanafunzi walijigawa: wachoraji, waseremala na waashi. Kila kundi lilikuwa na kona yake, na mambo yao waliyanong'ona wao kwa wao. Yeye naye alikuwa kundi la nne, la mtu mmoja. Kwenye ramani aliona kwamba madirisha ya mbele yanaanzia sentimita sitini tu kutoka sakafuni, yaani kozi tatu za matofali. Akatikisa kichwa. Katika maisha yake yote ya kazi dirisha lilianzia juu ya kiuno. Jumatano mchana, wanafunzi walipokwenda darasani, alichanganya saruji yake mwenyewe, akaongeza kozi tatu chini ya kila dirisha, akaosha mwiko, akaondoka. Hakumwambia mtu. Moyoni alijua ametenda wema.

Asubuhi ya Alhamisi waseremala walileta fremu zao walizozifanyia kazi wiki mbili. Zilikuwa na urefu wa sentimita mia moja na hamsini. Tundu lilikuwa limebaki tisini.

“Fundi!” aliita kijana mmoja waliyempa jina la Msumeno. “Tundu letu limeliwa!”

“Fremu yenu ndiyo imerefuka,” akajibu. “Nani aliwaambia dirisha huanzia magotini? Mnafuga kuku humo ndani?”

Hapo makelele yakaanza. Waseremala wakawageukia wachoraji, wachoraji wakawageukia waashi. Mmoja akasema angejua angesomea kilimo. Marehemu aliwaacha wabishane kidogo, kisha akasema kama mtu anayegawa zawadi: “Nimewaongezea kozi tatu. Nimewaokoa na aibu, na asante sijaisikia.”

Binti mmoja mwembamba, waliyemwita Miwani, ambaye tangu waanze kazi hajawahi kupaza sauti, aliifunika ndoo sakafuni, kitako juu.

“Samahani, Fundi. Hebu kaa hapa kidogo.”

“Nikae nifanye nini?”

“Ukae tu. Halafu uniambie mlango wa nesi uko wapi.”

Akakaa. Ndoo ilikuwa na kimo sawa na benchi watakalokalia akina mama. Mbele yake kulikuwa na matofali, na saruji bado mbichi kwenye viungo.

“Naona ukuta,” akasema.

Miwani akafungua daftari lake. “Kabla ya kuchora tulikaa hapa siku tatu, Fundi, tunaangalia. Akina mama husimama kila nesi anapotoka, kwa sababu wakikaa, kijiukuta cha upenu kinamficha, na wasipomwona zamu inawapita. Jumatatu ile kulikuwa na mmoja mjamzito. Alisimama mara kumi na moja, tulimhesabu. Amevaa sweta ya njano, kifungo cha juu kimekatika, kashonea cha bluu.”

Kifungo kile cha bluu kilitoka kwenye shati la kazi la marehemu. Mwenye sweta ile alikuwa binti yake wa mwisho, mwenye mimba ya miezi saba, ambaye nyumbani akiulizwa hali yake alisema “salama tu, baba” na kuendelea kukunja nguo. Miwani hakulijua hilo. Aliyelijua pale alikuwa mtu mmoja, naye amekaa kwenye ndoo.

Alisema baadaye kwamba alihisi kama yuko tena nyuma ya ghala la mbao, amelala chali, vumbi linaelea, na mkono unakuja kumwinua. Kisha akasimama, akachukua nyundo na tindo.

“Fundi, acha tubomoe sisi,” akasema Msumeno.

“Nimekosea mwenyewe, nabomoa mwenyewe.”

Kozi ya kwanza ilitoka vizuri. Kwenye ya pili tofali moja lilichomoka ghafla, likamlemea mikononi, na kabla halijamponda mguu mikono mingine miwili ikalipokea kwa chini. Ilikuwa ya Msumeno. Marehemu aliiangalia ile mikono kwa kitambo, amelishika tofali upande wake, kijana kalishika upande wake, hakuna anayevuta. Halafu akaliachia.

“Haya,” akasema. “Mpe na mwenzako.”

Wakajipanga mstari. Matofali yakapita mkono kwa mkono, wachoraji, waseremala na waashi wamechanganyika, vumbi jeupe limewafunika mpaka huwezi kumtambua nani ni nani, na jua la asubuhi linaingia kwenye lile tundu linalozidi kukua. Tofali la mwisho lilipotua, wakapiga makofi. Hapo ndipo jirani alipopita na sare zake.

Kesho yake marehemu aliwakuta wanafunzi wameshafika. Akafunika ndoo, akakaa, akawaambia nao watafute ndoo. Tangu siku hiyo saruji haikuchanganywa kabla ya kikao cha ndoo. Kila mtu alisema leo atafanya nini, na aliyekaa kulia kwake aliyarudia maneno yale, ili ijulikane yamesikika. Siku za kwanza walichekana sana. Msumeno alisema, “Leo nitapiga randa,” mwenzake wa kulia akarudia, “Leo atapiga usingizi.” Lakini kwa njia hiyo waseremala walijua mapema kwamba linta, boriti ya juu ya madirisha, itachelewa, na wachoraji wakajua mbao zimepinda. Siku ya tatu marehemu alisema kwa sauti ya chini, akiangalia viatu vyake: “Leo nataka mtu anishikie kamba upande wa pili.” Miwani akarudia: “Leo Fundi anataka mtu wa kumshikia kamba.” Hakuna aliyecheka.

Chumba kilifunguliwa Ijumaa tarehe 12 Agosti 2016. Mchana mwanga huingia kwa chini, unatambaa sakafuni hadi kwenye miguu ya akina mama, na ukikaa pale na mtoto mapajani unamwona nesi akitoka, unaona njia, unaona miti ya uani ikiyumba taratibu, na usingizi unakujia bila hofu ya kupitwa na zamu. Binti yake alikaa pale mara tatu kabla ya kujifungua. Hakusimama hata mara moja mpaka alipoitwa.

Chuo kiliendelea kumwita marehemu kila mwaka hadi 2023, na kila kundi jipya lilianzia kwenye ndoo. Nyumbani nako aliileta. Ndoo sita uani, kila Jumapili asubuhi. “Miaka thelathini na miwili nimehangaika,” alisema mke wake, “kumbe dawa ilikuwa ndoo.”

Mwezi wa Februari 2024 alianza kukohoa bila kupata nafuu. Daktari alisema mapafu yamechoka kwa vumbi la miaka mingi. Kufikia Agosti hakuweza tena kutoka kitandani bila kushikwa. Chumba chake alikijenga mwenyewe mwaka 1986, na dirisha lake linaanzia juu, kama alivyoamini enzi hizo. Akiwa amelala aliona mawingu tu. Siku moja alisema, “Mbingu nitaziona sana. Watu ndio wananiishia.” Kisha akamwita binti yake, akasema bila kuangalia viatu, “Mama, niitieni wale vijana. Nisaidieni kulishusha dirisha hili.”

Jumamosi tarehe 14 Septemba walikuja saba kati ya wale kumi na mmoja, wengine sasa wana watoto wao. Walimtoa nje vumbi lisimdhuru, wakamkalisha kwenye ndoo yenye mto. Wana wake watatu walibomoa pamoja nao, matofali yakipita mkono kwa mkono hadi kwa fundi cherehani, aliyesema, “Leo nisiposhika hata moja, nitasema nini mtaani?” Kuanzia jioni ile marehemu alilala akiiona njia: watoto wakitoka shule, muuza maziwa na baiskeli yake, wajukuu wakimpungia mkono.

Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, uso wake ukiwa upande wa dirisha, mkono mmoja umeshikwa na mkewe, wa pili na binti yake.

Ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu saba, wakwe watatu, dada wawili na kaka mmoja, jirani mmoja mwenye habari zote, na makumi ya wanafunzi wanaojua kukaa kwenye ndoo. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani.

Wiki moja kabla ya kuondoka, binti yake alikuwa amekaa kando ya kitanda akimnyonyesha mtoto wake mdogo. Nje watu walipita kama ndotoni. Baba alimwambia yeye ndiye atakayeandika karatasi hii na kuisoma mbele ya waombolezaji. Binti akasema, “Baba, mimi sijasoma sana.” Akamjibu, “Unaangalia vizuri. Inatosha.” Kisha akamwomba jambo moja, na leo linatekelezwa:

“Ukifika mwisho, mama, usinimalize peke yako. Sema: Fundi ametua mwiko, apumzike. Halafu nyamaza, uwasikie wakirudia.”