Kundi la Antipasi Ndani ya Maji

Benchi letu pale Unyambwa, kando ya barabara iendayo mjini, lilikuwa taruma moja la chuma lililobaki serikali ilipong'oa reli, limelazwa juu ya mawe mawili. Asubuhi lilikuwa la baridi, na kufikia saa tano halikaliki. Kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa na mipaka miwili: dele la Melkiori, birika alilotuuzia kahawa, kuisha, au chuma kuanza kuunguza. Mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa pili. Kufikia mwezi wa tisa kahawa ilikuwa na ladha ya tope, wala hakuna aliyemlaumu Melkiori, maana maji yake yalitoka bwawa la Antipasi, na sisi wote tulichota hapo hapo. Ziwa Singidani tuliliona kwa mbali likimetameta, lakini maji yake ni ya chumvi. Hata punda huyanusa akageuka.

Siku moja ya mwezi huo Antipasi alikuja na matope mpaka magotini. Alitusalimu, akakaa mwisho wa benchi, akakataa kikombe. Alisema tuta la bwawa limeanza kuvuja.

Bwawa hilo alilichimba mwenyewe na ndugu zake wawili, viangazi vitatu, kwa majembe na ngozi za kuburutia udongo. Lilipojaa, likaota magugu mpaka maji hayaonekani. Ndipo akapita Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka kupima mabwawa, akamwachia debe lenye samaki thelathini, wadogo kama vidole vya mtoto. Alisema watakula magugu. Walikula kweli. Mwaka wa pili maji yalikuwa safi, na watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Mwaka wa tatu walimaliza matete. Mwaka huu wa nne kila samaki alikuwa na urefu wa mguu wa mtu mzima, na kwa kuwa ndani ya maji hapakubaki jani, walianza kung'oa nyasi zilizoshikilia tuta, wakizivuta kwa mizizi. Tangu mwezi wa sita Antipasi alikuwa akiwapelekea majani, kwa sababu siku wakikosa wanarudia tuta. Ng'ombe wake wanne waliobaki waliyatazama majani hayo yakipita.

Mtu wa pwani angeuliza kwa nini hakuwavua walipokuwa wa kutosha sufuria. Jibu lake si gumu, ila ni letu. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kiumbe anayekula majani tunajua namna moja tu ya kukaa naye: unamlisha, unangoja azae, ndipo unafikiria kisu. Anayechinja mtamba kabla hajazaa, kijiji kizima humwona kama mtu aliyekula mbegu. Antipasi aliwatazama samaki wake wakila majani, akajua la kufanya. Aliwangoja.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Tarishi. Wewe wako umewakalisha miaka minne.

— Jembe wanalo, Antipasi alijibu. Ndilo linalochimba tuta langu.

Tarishi ni Yeremia, aliyebeba barua za boma miaka kumi na minane na bado alivaa kaptula ya kaki. Alitueleza taratibu kwamba samaki wale waliingia kwa mkono wa Mzungu na hawawezi kutoka kwa mkono wa mtu mweusi bila barua. Kila samaki, alisema, lazima awe na namba katika faili fulani. Ukimtoa mmoja, faili litamtafuta.

Melkiori alisema nyavu zimeshajaribiwa. Ilikuwa kweli. Wavuvi wawili wa Kitangiri walikuja na wavu wao juma lililopita. Samaki waliruka juu yake mmoja baada ya mwingine kama mbuzi wanaoruka ua, na yule mkubwa kuliko wote aliupasua katikati. Wavuvi waliukunja wakaondoka kimya, na kwetu hilo lilitisha zaidi kuliko kama wangetukana.

Stesheni alikohoa. Huyu ni Mazengo, Mgogo wa Manyoni, aliyekuwa akigeuza njia za treni. Yeye aliona jambo ni rahisi: lije garimoshi na matangi sita, linyonye maji yote, samaki waokotwe chini kama viazi, kisha maji yarudishwe.

— Reli ipi, Mgogo? Umeikalia, alisema Tarishi.

Stesheni alitazama kati ya mapaja yake.

— Taruma lipo, alisema. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tulicheka, hata Antipasi kidogo. Kisha Burma, ambaye ni Lazaro aliyerudi kutoka vitani Burma na sikio moja linalosikia, alitaka bomu la mkono. Moja tu. Alisema samaki huelea tumbo juu, unawachukua kwa kikapu.

— Na tuta? aliuliza Melkiori.

— Samaki mkunje angali mbichi, alijibu Burma, na hapakuwa na mtu aliyejua amejibu nini.

Antipasi alisubiri kicheko kiishe. Alisema hakuja kutafuta bomu. Alikuja kuomba watu kumi wa kuingia majini kesho, washikane mikono na kuwasukuma samaki pembeni, ila wamwachie wawili, dume na jike, wa mbegu. Miaka minne hakuna aliyezaa hata mmoja. Labda walikuwa wengi mno, wakisongamana.

— Burma, wewe ulisema uliwaona samaki hawa huko kwao. Huzaa wakiwa na miaka mingapi?

Burma aliweka kikombe chini. Nilimwona akitafuta pa kutazama.

— Niliwaona kwa mzee mmoja mwenye kidimbwi, alisema. Kila mwaka alinunua vitoto kwa watu wanaovichota mtoni. Nilimuuliza kwa mikono, kwa nini usingoje wako wazae. Akanionyesha mto, akafanya mkono hivi, kama kitu kinachokwenda. Maji yasiyotembea, hawazai.

— Hawazai kabisa?

— Kabisa.

Antipasi alitazama miguu yake. Matope ya miguuni yalikuwa yameanza kukauka na kupasuka.

— Lakini mimi nilijenga tuta ili maji yasitembee, alisema.

Tarishi aliigusa methali moja, subira huvuta, akaiacha njiani.

— Miaka minne tunakunywa kahawa pamoja, Lazaro, alisema Antipasi.

— Hukuniuliza. Nami nilidhani umewapenda tu.

Sikuweza kumhukumu Burma, na sidhani Antipasi alimhukumu. Sote tulimwona akiwangoja, na kwetu mtu anayengojea mifugo yake haulizwi.

Melkiori alisema basi, kama hawana mbegu, watolewe wote, kwa kukata tuta, maana walioruka wavu hawatashikika kwa mikono. Wazo lilikaa pale kati yetu. Maji yaliyobaki yalifika magotini. Kukata tuta ni kuyamwaga yote mchangani, na mvua ilikuwa bado miezi miwili, kama ingekuja. Kutolikata ni kulingoja lipasuke lenyewe. Sisi wengine tulikunywa.

Ndipo akatokea barabarani Lea, mke wa mtoto wa Antipasi, aliyeolewa kutoka Sepuka hata mwezi haujatimia. Kichwani alikuwa na mzigo mmoja wa majani, mkononi mundu. Alitua mzigo mbali kidogo na benchi, akapiga magoti, macho chini.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia.

— Baba, nimefika mpaka nyuma ya mlima. Majani ni haya tu, kule hakuna tena. Mama amesema nikuulize wewe. Niwape ng'ombe, au niwape samaki?

Antipasi aliutazama mzigo, ambao mtoto angeweza kuuinua, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama mtu anayepitisha kikombe. Tarishi alikung'uta kaptula yake. Stesheni alikuwa akisoma namba iliyochongwa kwenye taruma. Burma alimgeuzia sikio bovu. Melkiori aliinamisha dele juu ya kikombe cha Antipasi, kile alichokikataa asubuhi, na likatoka tone moja zito la mashapo.

Lea aliendelea kupiga magoti, akingoja. Chuma kilikuwa kimeanza kuunguza, na hakuna aliyeinuka.