Aliyerudi Kuangalia Tena

Ijumaa, tarehe ishirini na nane Juni.
Kwako, Mama Keti.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Mheshimiwa Daktari Mkuu, Muuguzi Mkuu na wauguzi wako, ndugu wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, nanyi wagonjwa mliopata nguvu ya kutoka wodini kuja kuketi nasi: habari za mchana.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko ng'ambo ya geti la hospitali hii, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikisoma polepole. Karani alipokuja kuniambia kwamba Mama Keti anastaafu, na kwamba natakiwa kusema kwa niaba ya ndugu wa wagonjwa, nilimjibu wapo waliosoma, watafutwe hao. Akasema mama mwenyewe ndiye aliyenitaja, tena kwa sharti: nisipoieleza ile siku ya vitanda, basi hakuna sherehe. Kwa hiyo nitaieleza.

Wageni huenda hamuijui kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita, mama huyu ndiye aliyekuwa akitoka wodini kumwambia mke kwamba sasa ni mjane, na kijana aliyeingia na miguu miwili kwamba atatoka na mmoja. Akishasema, haondoki. Anakaa na wewe mpaka uweze kusimama, ndipo anakueleza kibali cha maziko kinachukuliwa dirisha gani, watoto waambiwe nini, na nguo za marehemu usizigawe wiki ile ile, maana utazitafuta. Neno lake la kwanza ni "keti kwanza," na jina likatokea hapo. Mnacheka, lakini korido nzima ilikuwa inamwogopa. Watu wakimwona anakuja wanajifanya wamesinzia. Muuza magazeti mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, mimi leo nimesimama na nitabaki hivi hivi nimesimama." Kumbe hakuwa na mgonjwa yeyote, alikuja kuuza magazeti tu.

Sasa ile siku. Ni miaka kumi na tisa iliyopita. Mke wangu alikuwa amelazwa wodi ya wanawake. Usiku paa lilivuja, na asubuhi vitanda vikasukumwa upande mmoja kukwepa maji. Wakati ule kadi za majina zilitundikwa ukutani, juu ya kila kitanda. Vitanda vikahama, kadi zikabaki. Kila mgonjwa akawa amelala chini ya jina la mwenzake.

Benchi la nje tulikuwa wawili, mimi na mwashi mmoja ambaye mkewe naye alilazwa humo. Mama Keti akatoka, akaita jina la mke wangu, akaniambia amefariki. Sina la kusimulia juu ya nilivyolia. Yule mwashi alinishika bega. Mhudumu alikuwa amempa habari kwamba mkewe ameamka na ameomba chai, akaona haya kuwa na furaha mbele yangu. Alinimegea mkate wake. Akaniambia, "Lia tu, kaka. Mimi nipo hapa."

Saa moja baadaye mama akarudi. Angeweza kumtuma muuguzi, angeweza kumtuma daktari. Alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akatutazama wote wawili, akasema, "Nimekosea. Nimesoma kadi, sikumtazama mtu." Halafu akamgeukia mwashi.

Mkono wa mwashi ulikuwa bado uko begani kwangu. Niliusikia ukiondoka.

Na mimi nilifanya nini, ndugu zangu? Nilikimbia. Nilikimbilia wodini kwa mke wangu, aliyekuwa ameshika kikombe, na yule mtu sikumpa hata pole. Niliporudi hakuwepo. Sikumwona tena. Mama Keti aliandika barua ya kuacha kazi, na muuguzi mkuu wa wakati ule akaikataa. Akamwambia atafute namna ya kutokosea tena, maana atakayekuja baada yake atakosea vile vile.

Namna aliyoipata mnaifahamu. Mgonjwa akipokelewa, mama anakwenda kitandani kwake, anamuuliza nyumbani wanamwitaje, anaandika. Siku ikifika, kabla ya kusema neno, anamuuliza ndugu swali lile lile. Majibu yasipolingana, hasemi kitu, anarudi wodini. Ndiyo maana anajua siri zenu. Anamjua askari mwenye sharubu ambaye kwao ni Kifaranga, na mwalimu mkuu ambaye dada zake wanamwita Mlizi.

Mke wangu niliishi naye miaka kumi na tisa zaidi. Nyumbani nilimwita Jirani, kwa sababu kabla sijamwoa tulipakana ukuta, na alikuwa anagonga nikipiga nyundo mno. Mwezi wa pili mwaka huu alilazwa tena. Siku ya sita nikamwona Mama Keti anakuja. Akavuta kiti.

"Nyumbani mnamwitaje?"

Nikamwambia, "Unamjua. Umekunywa chai kwangu."

"Namjua, baba. Niambie tu."

Sikutaka. Niliona kwamba nisipojibu, hawezi kuendelea. Alingoja, wala hakunihimiza. Mwisho nikasema, "Jirani." Akaniambia. Hapo nikamjibu jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Nilisema, "Kaangalie tena. Wewe uliwahi kukosea."

Mheshimiwa Mkurugenzi, mtu mwingine angechukia. Mama alinyanyuka, akarudi wodini. Nilimsikia akifungua mlango. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kumtazama mwenzake usoni. Akarudi, akaketi, akasema, "Nimeangalia, baba. Ni Jirani." Nikaamini. Kutoka kwa mtu mwingine nisingeamini, labda mpaka leo ningekuwa nangoja pale.

Sasa nimesoma tangazo lililobandikwa getini, kwamba kuanzia mwezi ujao nafasi yake haijazwi, na ndugu watapata habari kwa ujumbe wa simu. Sikuja kubishana na wakubwa, na najua hospitali ina shida nyingi. Nauliza tu. Mtu akiisoma simu yake pale nje, akashindwa kuamini, atamwambia nani akaangalie tena? Naomba mumweke mtu. Hata asiye na cheo, mradi awe na miguu ya kurudi wodini, na mama amfundishe kabla hajaondoka. Mwenyewe ameniambia yuko tayari, na hataki malipo.

Mama Keti, umeniomba niseme kosa lako, nimelisema, na langu nimelisema. Kama yule mwashi yu hai na maneno haya yatamfikia, nampa pole yake, imechelewa miaka kumi na tisa. Wewe nenda ukapumzike. Na ukiwa umekaa kwako, huna wa kumwambia kitu, sisi wa lile benchi utukumbuke.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa.