Kumuaga Mwalimu Obura wa Chumba cha Mawe

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nawe Dokta Nakhisa, ambaye kuanzia Jumatatu utalishika somo la Mwalimu Obura la Utangulizi wa Jiolojia, walimu wote, Mama Moreen, mke wa Mwalimu wetu, uliyesafiri kutoka Siaya kuja kumchukua mtu wako, wanafunzi, wageni waalikwa, na wenzangu wa usafi mliosimama pale nyuma kwa kuwa viti vimeisha: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Bwana Odyek, msimamizi wetu, wewe nakusalimu peke yako, maana ndiwe uliyenichagua niseme kwa niaba ya wafagiaji, kisha ukanionya niseme kidogo.

Mimi naitwa Amony. Nafagia jengo la sayansi, ghorofa ya chini, huu mwaka wa nne. Shule niliiacha Senior Two, yaani kidato cha pili. Nitasema Kiswahili, kwa sababu Mwalimu ametoka Kenya na mimi nimekulia kambini kwa polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya wote. Kijaluo chake nakielewa nusu, Kiacholi changu anakielewa nusu, na kwenye nusu zilizobaki tulikuwa tunagombana bure. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha.

Wengine wamemsifu Mwalimu kwa vitabu vyake. Mimi nitamsifu kwa kosa langu.

Chumba chake kina mawe arobaini juu ya rafu, kila moja na kijikaratasi chake. Wiki yangu ya pili kazini niliwasikia wanafunzi wakicheka kwamba Mwalimu amewalambisha jiwe. Wote, mmoja baada ya mwingine, jiwe lile lile. Mimi ni mama, nina mtoto. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikayashusha mawe yote, nikayatia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, nikafunga mlango, nikaenda kufagia korido. Niliporudi nikahesabu thelathini na tisa. Nikapekua maji kwa mkono, nikainama hadi chini ya meza. Jiwe moja jeupe, ukubwa wa yai, halikuwepo, na ufunguo nilikuwa nao mwenyewe.

Hofu ikanipeleka kwenye jengo linalojengwa hapo jirani. Nikaokota jiwe jeupe, nikalifuta, nikaliweka rafuni mahali pa lile lililopotea.

Siku iliyofuata Mwalimu akalichukua mbele ya kundi jingine la wanafunzi, akawaambia walambe. Wa kwanza akalamba, akampa mwenzake. Wa pili akasema halina ladha. Mwalimu akalilamba mwenyewe, akatoka hadi koridoni, nilikokuwa nimeganda na fagio langu.

"Mama, chumvi yangu iko wapi?"

"Chumvi gani, Mwalimu? Mimi niliosha mawe tu."

Nilingoja anifukuze. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Wiki mbili nawaeleza hawa jinsi maji yanavyokula mwamba, hawanisikii. Wewe umemaliza kwa asubuhi moja. Ingia, waeleze ulivyofanya."

Nikaingia na fagio langu, nikaeleza. Nilipomaliza hakuniambia nitoke. Alinivutia kiti cha nyuma, na kiti hicho nimekikalia kila Alhamisi tangu siku ile, kwanza na binti yangu Alanyo mgongoni, sasa na Alanyo chini ya meza akipanga kokoto zake. Bonge jingine la chumvi liliagizwa kutoka Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Kwenye kijikaratasi chake Mwalimu aliandika neno moja: Lisioshwe.

Mtauliza, mfagiaji alitafuta nini kwenye darasa la mawe? Mwanzoni hata mimi sikujua. Baadaye nilijua sana. Mume wangu, Okeny, ni askari, yuko kazini mbali, huu mwezi wa kumi na tisa. Haruhusiwi kusema alipo, na mimi nimeacha kuuliza. Simu ikishika, hutuma picha moja ya ardhi iliyo mbele ya viatu vyake. Mara udongo mwekundu kama wa kwetu Kamwokya, mara mchanga mkavu, mweupe. Nilizikusanya picha hizo, nikampelekea Mwalimu, nikamwomba aniambie hii ni nchi gani. Alizitazama zote, moja moja. Naamini alijua. Akanirudishia simu yangu.

"Mama Alanyo, yeye ameapa, na mimi siwezi kumvunjia kiapo. Lakini kusoma ardhi nitakufundisha. Utakachosoma ni chako."

Basi nikasoma. Ndugu zangu, mmewahi kumtamani mtu mpaka mkalitamani hata vumbi analolikanyaga? Nilijifunza kwamba punje ya mchanga iliyosafiri mbali na maji huwa imeviringika, na ile ambayo haijaenda mbali bado ina kona. Nilijifunza kwamba kilima cha Kololo kinashuka, polepole mno, kila mvua ikikileta kidogo hadi kwenye mtaro wetu, ndiyo maana akina mama tukizibua mtaro tunakuta mchanga mzito umelala chini na tope laini juu. Miaka yote nimechota tope lile, sikujua kwamba linaongea.

Mwezi uliopita Okeny alituma picha ya jiwe jeusi lenye vitundu vingi, kama mkate. Nilikuwa sokoni Kalerwe, nanunua nyanya. Sikumpelekea mtu picha ile. Nilijua mwenyewe kwamba pale alipo moto uliwahi kutoka ardhini, kisha ukapoa. Amesimama mahali palipopoa. Nikasimama katikati ya njia, watu wa mikokoteni wananitukana, nami natabasamu.

Mwalimu, hicho ndicho ulichonipa. Jumatatu nitafungua chumba kile, na hatua nitakazosikia koridoni hazitakuwa zako. Sijui nitafanyaje.

Lakini kuna jambo ambalo lazima nilifanye kabla ya Jumatatu. Jumamosi hii ni mtihani wa watu wazima wanaoomba kuingia chuo bila cheti cha Senior Six. Umri unaotakiwa nimeufikia, fomu tuliijaza pamoja na Mwalimu. Sasa, Jumamosi ukumbi huu hukodishwa kwa harusi, na wafagiaji wote tunatakiwa kazini. Bwana Odyek nimemwomba ruhusa mara mbili. Si mtu mbaya. Alinijibu, "Nikikuachia wewe, kesho mwenzako Rukiah naye ataomba, halafu bibi harusi atakaa wapi?" Na kweli, atakaa wapi? Mwalimu alitaka kwenda ofisini kuniombea, nikamkataza. Mzigo wangu haufai kubebwa na mtu anayeondoka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, naomba mwenyewe, mbele ya watu. Naomba saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Nitakuja alfajiri kupanga viti vyangu vyote, na mtihani ukiisha nitarudi kufagia. Sijui kama nitapita, hesabu zinanitisha. Lakini kama ni kuanguka, nianguke nikiwa na kalamu mkononi, nisianguke kwa sababu nilikuwa nafunga utepe kwenye kiti cha harusi ya mtu.

Mwalimu Obura, Mama Moreen, safirini salama. Nyote mlionivumilia kwa masikio yenu, nawashukuru sana. Mheshimiwa, jibu si lazima ulitoe sasa hivi. Mkiinuka, nitakuwa hapa, nakusanya viti.