Tak Man-ho na Chumba cha Wakoromaji

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa stesheni na wateja wetu wote mliofika, kwa niaba ya familia nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya shemeji yetu, Bwana Tak Man-ho, mume wa dada yangu Yeom Bun-rye, na dada ameniagiza nisisome kwa sauti ya kilio, kwa kuwa marehemu hakuwahi kumvumilia mtu aliyenuna ndani ya nyumba yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kijiji kilicho milimani juu ya mji wa Jecheon, mtoto wa tatu wa mchoma mkaa, akamaliza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1961, kisha akamfuata baba yake kwenye tanuri na kujifunza kuwasha moto, kazi aliyoiheshimu kuliko zote. Baada ya kutumikia jeshi alikuja mjini mwaka 1972, akaajiriwa kuchochea moto katika nyumba ya kuogea, na huko akamwona Bun-rye akiuza sabuni mlangoni, akaanza kununua sabuni nyingi kuliko mahitaji ya ngozi yake. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1974 na kujaliwa binti mmoja, Eun-ju, mwaka 1977.

Mwaka 1996 walifungua nyumba yao wenyewe ya kuogea, yenye mabafu chini, tanuri la udongo nyuma ambamo wateja huingia kutoa jasho moto ukishatulia, na ukumbi wa sakafu ya joto ambamo familia nzima nzima hujilalia na kula mayai ya kuokwa. Sheria ya marehemu mnaijua, anayekoroma haamshwi wala hatukanwi, anahamishiwa chumba cha nyuma akalale na wenzake, na marehemu mwenyewe ndiye aliyewavuta pamoja na mikeka yao, akiwatania, "Ndugu, treni yako imefika, shukia huku." Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, hakukoroma hata siku moja, na dada, aliyeujua ukweli, alinyamaza, kwa kuwa aliamini mume anayekoroma ni mume mwenye afya.

Tarehe 2 Desemba 2009, akiwa anapanga kuni, alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, ulimi ukawa mzito, na alichokitaka duniani kikawa kimoja tu, kuwasha tena tanuri lake kwa mkono wake. Lakini kwenye mazoezi ya viungo hospitalini alisinzia huku ameshika chuma cha kujiegemeza, wiki zikapita bila hatua, nasi ndugu tukasema aachwe apumzike. Daktari Gu Ye-rin ndiye aliyempima akiwa usingizini, akatueleza kwamba pumzi yake inakatika kila mara, ubongo ulioumia unakosa hewa na hapati usingizi wa maana, kwamba hali hiyo huwapata wengi waliopigwa na kiharusi, wala wenyewe hawajui. Akampa mashine ndogo ya kupuliza hewa kupitia barakoa ya pua, akasema haitauponya mkono, ila mtu aliyelala vizuri ana nguvu za kufanya mazoezi.

Marehemu aliisukuma chini ya kitanda. "Mimi sikoromi," akasema, na kwa ulimi ule maneno hayo mawili yalimtoa jasho, lakini aliyamaliza.

"Baba Eun-ju," dada akamwambia, "utaniacha mjane kwa ajili ya pua?"

Akageukia ukutani. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali mwezi Machi mwaka uliofuata, dada alichoka kubembeleza, akaamua kutumia sheria ya nyumba, na mchana mmoja marehemu aliposinzia ukumbini mbele ya wateja, akamvuta na mkeka wake hadi chumba cha wakoromaji, ukumbi mzima ukicheka. Haikuchukua muda, wakoromaji wote wakatoka, mbele yao Bwana Bae Cheol-gyu, dereva wa teksi, ambaye akilala vikombe hutikisika, wakaenda kwa dada kaunta, na marehemu, aliyekuwa ameshaamka, akasikia yote kwa kuwa mlango waliuacha wazi.

"Mama Eun-ju, huko ndani hatulali," akasema Bwana Bae.

"Leo na wewe unalalamikia kelele?"

"Kelele tumezizoea. Shida ni bosi akinyamaza. Pumzi inakatika, sote tunakaa macho tunamsubiri aivute, akishaivuta ndipo na sisi tunapumua. Sasa usingizi utatoka wapi?"

Marehemu hakuwa amemwamini daktari, wala vipimo, wala mke wake, lakini kusikia kwamba wageni wanakesha ndani ya nyumba yake kwa sababu yake, hilo lilimchoma. Akaomba aletewe mashine, akaivaa pale pale, taulo limekunjwa kichwani kama pembe za kondoo, kama wafanyavyo wateja wetu, barakoa puani, watoto wakajazana mlangoni kuchungulia, akawapungia mkono wa kushoto, akalala, na wakoromaji wakarudi kulala naye.

Aliitukana ile barakoa kila siku na kila siku aliivaa, akaanza kufanya mazoezi akiwa macho, na asubuhi ya tarehe 17 Novemba 2010 aliwasha tanuri kwa mkono wake wa kulia, njiti mbili zikamshinda, ya tatu ikakubali, wateja wakapiga makofi na dada akalia kwa furaha. Daktari alimkataza kuingia kwenye joto lenyewe, basi alikaa nje akitoa amri. Wakoromaji nao wakaanza kwenda kupimwa, Bwana Bae wa kwanza.

Tuliishi naye hivyo zaidi ya miaka kumi na miwili, hadi alipougua saratani ya kongosho, akatuacha asubuhi ya tarehe 6 Februari 2023, dada na Eun-ju wakiwa wamemshika mikono. Tunamshukuru Daktari Gu na wauguzi, walimu wa mazoezi, majirani waliopika supu, na ninyi wa chumba cha nyuma, ambao tangu juzi mmelala nasi katika ukumbi huu wa msiba na, kwa kweli, mmekoroma. Dada alipita katikati yenu akiwafunika, akakataza mtu yeyote kuamshwa.

Pumzika, shemeji, kwa amani ya mwenye nyumba ambaye wageni wake wote wamelala vizuri.